Mchepuko

Walimfungua moyo kule Oulu
saa nne na nusu, wageni wenye barakoa.
Mimi nimebisha hodi miaka thelathini na tisa
nikijibiwa kupitia tundu la ufunguo:
"Niko sawa, Kerttu. Kahawa ipo?"

Daktari alichora kwenye kipande cha karatasi:
hapa pameziba, hapa pameziba, hapa nusu.
Tumechukua mshipa mguuni, tumeupandikiza juu,
damu ipite kando.
Tauno, aliyeendesha greda la theluji
majira ya baridi ishirini na sita,
alikitazama kile kichoro kama ramani ya kazini.
"Kumbe mchepuko tu," akasema.
Kisha akageukia ukutani.

Sasa yuko nyumbani, na mto wa kitanda kifuani.
Akitaka kukohoa, anaukumbatia.
Akitaka kupiga chafya, anaukumbatia.
Niseme ukweli:
mto ule nimeuonea wivu.

Kilo mbili, wameandika. Asizidishe.
Birika tupu, sawa. Birika lililojaa, hapana.
Paka wetu ana kilo tano na nusu
na hajui kusoma.
Anasimama miguuni pake akililia kubebwa,
na mtu huyu aliyebeba magogo mabichi begani
anamwambia kwa adabu ambayo mimi sijawahi kuipata:
"Nisamehe, bwana mkubwa. Njoo wiki ya nane."

Chumvi niliificha kwenye kopo la shayiri.
Akaipata siku ya pili.
Hakuitumia. Aliiweka tu mezani, mbele yangu,
nijue kwamba anajua.

Sauna imepoa, mlango wake umegandia fremu.
Hilo limemuuma kuliko kidari kilichoshonwa kwa waya,
kuliko mguu wenye mfereji mwekundu
kutoka kifundo hadi gotini.
Jumamosi jioni anakaa dirishani
akitazama bomba la moshi lisilotoa moshi.

Siku ya kumi na moja ilianguka theluji ya magoti.
Kijana wa jirani, Oskari, alikuja na koleo,
akachimba njia yetu, kombokombo, akipiga mluzi.
Tauno alimwangalia mpaka mwisho.
Halafu machozi, bila sauti, bila sababu aliyoweza kuitaja,
yakamwagika juu ya vidonge vya saa sita.
Nesi alikuwa amenionya kwenye simu:
huzuni huja, mama, msishtuke, huja na kupita.
Sikushtuka. Nilihesabu vidonge upya.
Kimoja kilikuwa kimeanza kuyeyuka.

Tunatembea. Ndiyo dawa, wamesema.
Siku ya kwanza mpaka sanduku la barua.
Kesho yake nguzo ya taa, kisha ya pili.
Nguzo hizi alizipita usiku kucha zamani
zikikimbia kioo chake kama vijiti vya kiberiti;
sasa kila moja ni nchi,
ina mpaka wake, na ushuru wake wa pumzi.

Usiku ndio mrefu.
Analala chali, hawezi kulala ubavu,
nami nalala nikihesabu anavyopumua,
nikipotea kwenye mia, nikianza tena.
Jana, katikati ya mia mbili na kitu, alisema:
"Kerttu. Nasikia unavyogonga."
"Ni kawaida, wamesema."
"Si hilo. Naogopa kulala.
Nikilala, nani ataangalia barabara?"

Miaka thelathini na tisa.
Nilitaka kumjibu neno kubwa, sikulipata.
Nikasema, "Mimi niko macho tangu Oulu."
Akanyamaza.
Halafu mto ukaondoka kifuani pake,
ukaanguka sakafuni,
na mkono wangu akauweka pale pale, juu ya ile zipu ya nyama,
taratibu, kama mtu anayeegesha gari zito kwenye barafu.

Asubuhi tulitoka.
Baridi ilikuwa kali, ndevu zake zikaota chumvi.
Nguzo ya nne hatukuifikia.
Tulirudi.